Kumfundisha mtoto mdogo baiskeli kwenye kilima cha mtaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wazazi, mabibi na walimu hutuuliza kila wanapoleta watoto kwenye mteremko wa nyasi tunaoutumia hapa Mbale. Ingawa tunaandika kutoka hapa, majibu yanafaa pia Kasese, Fort Portal, Kabale na popote Uganda penye kilima kidogo na watoto wenye hamu. Swali likiwa limejibiwa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Kabla ya kuanza

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Kwa baiskeli isiyo na pedeli, wengi huwa tayari kati ya miaka 2 na 3. Kwa yenye pedeli, kati ya miaka 4 na 6. Lakini usihesabu miaka peke yake. Mtazame mtoto: anakimbia bila kujikwaa ovyo? Ukimwambia "simama" anasimama? Akikaa juu ya tandiko, nyayo zake zote mbili zinakanyaga chini sawasawa? Akiwa na hayo matatu, mlete.

Mwenye miaka 8 au 10 ambaye hajawahi kugusa baiskeli hajachelewa hata kidogo. Mara nyingi hujifunza upesi kuliko wadogo, kwa sababu ana nguvu za miguu na anaelewa maelekezo. Kinachomsumbua ni aibu ya kuonekana anajifunza pamoja na watoto wa chekechea. Mpangie saa yake, au mpe kazi ya kuwasaidia wadogo huku naye akijifunza.

Kwa nini kilima? Uwanja wa mpira hautoshi?

Baiskeli hukaa wima ikiwa katika mwendo. Ikienda polepole mno huyumba na kulala. Mtoto anayeanzia uwanjani analazimika kufanya mambo matatu kwa mara moja: kukanyaga ili apate mwendo, kushika mizani, na kuelekeza usukani. Mteremko mdogo unamwondolea kazi moja, kwani mwendo anaupata bure. Anakaa, anainua miguu, baiskeli inateremka yenyewe, na akili yake yote inabaki kwenye mizani.

Wanaofundisha watoto kuteleza kwenye theluji huko Ulaya na Marekani hufuata njia hiyo hiyo. Humwanzisha mtoto karibu na chini ya kilima kidogo, mahali ambapo mteremko unaishia kwenye tambarare, ili asimame hata kama bado hajui kujizuia. Theluji ya Uganda iko juu kabisa Rwenzori ambako watoto hawafiki, lakini nyasi tunazo kila wilaya.

Kilima kiwe kikali kiasi gani?

Kiwe kipole kuliko unavyofikiri. Baiskeli ikiachiwa ipate mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, basi. Kama mtu mzima anahema akipanda, hapo hapamfai mtoto anayeanza. Wanale na mwamba wa Tororo ni vya kupanda kwa miguu na kutazama mbali. Si vya kujifunzia baiskeli.

Kuliko ukali wa mteremko, angalia unaishia wapi. Chini pawe na sehemu tambarare ndefu, au paanze kupanda tena kidogo, ili mtoto aliyesahau breki asimame mwenyewe. Mteremko unaoishia barabarani, mtaroni, mtoni au kwenye seng'enge usiutumie hata kama nyasi zake ni nzuri namna gani.

Nani atoe ruhusa ya kutumia mahali?

Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Muulize mwenye shamba, mwalimu mkuu ikiwa ni kiwanja cha shule, au viongozi wa kanisa au msikiti ikiwa ni eneo lao, kisha mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ni vizuri makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi moja ya daftari: siku zipi, saa zipi, nani anasimamia. Wafugaji waliozoea kulisha hapo waambiwe mapema, kwa adabu. Wao ndio wanaofupisha zile nyasi, na bila wao kilima kingekuwa kichaka.

Mteremko unakaguliwaje?

Kabla mtoto yeyote hajapanda, mtu mzima mmoja anautembea wote kwa miguu, kutoka juu hadi chini, akitazama ardhi. Anatafuta mashimo, vichuguu, visiki, miiba, vipande vya chupa, na zaidi ya vyote kamba za mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi unamwona. Kamba yake iliyolala ndani ya nyasi huioni, na mbuzi akishtuka kamba inakazika ghafla usawa wa gurudumu la mbele au kifua cha mtoto. Haitoshi kumsogeza mbuzi. Kigingi king'olewe na kamba ikunjwe. Fanyeni hivi kila siku ya mazoezi, hata kama jana palikuwa safi.

## Baiskeli na vifaa

Lazima mtoto awe na baiskeli yake mwenyewe?

Hapana. Baiskeli moja kwa watoto watatu inatosha kabisa. Mmoja akiteremka, wa pili anajiandaa, wa tatu anapumzika na kutazama, na kutazama nako ni kujifunza. Miguu midogo huchoka haraka, na mtoto akichoka ndipo anapoanguka vibaya. Kama mtaani kwenu kuna baiskeli mbili tatu tu, anzeni nazo.

Magurudumu ya pembeni yanasaidia?

Tunawashauri wazazi wayaondoe. Baiskeli hupinda kona kwa kulala kidogo upande wa kona. Magurudumu ya pembeni yanaizuia kulala, kwa hiyo mtoto anazoea kitu ambacho baadaye itabidi akisahau. Kwenye kilima yana hatari zaidi. Ardhi ikiwa na kibonde kidogo, magurudumu mawili ya pembeni yanakaa juu ya kingo na gurudumu la nyuma linaning'inia hewani. Kama breki ya baiskeli hiyo ni ya nyuma peke yake, mtoto hana breki tena.

Nitapata wapi baiskeli isiyo na pedeli?

Itengeneze. Chukua baiskeli ndogo ya kawaida, fungua pedeli zote mbili, shusha tandiko mpaka nyayo za mtoto zikanyage chini zikiwa bapa. Mara nyingi spana namba 15 ndiyo inayotakiwa. Pedeli ya kulia inafunguka kama nati ya kawaida, kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto ni kinyume chake: inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi wameharibu nyuzi za kranki ya kushoto kwa kulazimisha upande usio wake. Kumbuka hivi: spana ikielekea juu, pande zote mbili unaivuta kuelekea gurudumu la nyuma. Zikigoma, tia mafuta, ngoja, jaribu tena. Kisha zihifadhi pedeli mahali utakapoziona, maana zitahitajika.

Fundi yeyote wa baiskeli aliyekaa chini ya mti na boksi lake la spana atakufanyia kazi hii kwa dakika chache.

Saizi gani inamfaa?

Baiskeli za watoto hupimwa kwa inchi za gurudumu. Kwa kukisia, inchi 12 ni ya miaka 2 hadi 4, inchi 14 ya miaka 3 hadi 5, inchi 16 ya miaka 4 hadi 6, na inchi 20 ya miaka 6 hadi 9. Lakini watoto hawakui sawa. Kipimo cha kweli ni nyayo kukanyaga chini akiwa amekaa. Tunajua fedha ni ngumu na mzazi anatamani kununua kubwa ili mtoto "akulie" humo. Kwa viatu vya shule sawa. Kwa baiskeli ya kujifunzia tafadhali usifanye hivyo, kwani mtoto asiyefika chini hana namna ya kujiokoa.

Sisi tulijifunzia baiskeli kubwa nyeusi kwa kupitisha mguu katikati ya fremu. Kwa nini watoto wasifanye hivyo?

Ni kweli, wengi wetu tulijifunza hivyo, tukiwa tumetumwa dukani au kisimani, na ile baiskeli ilisomesha watu na kulisha familia. Ila tulikuwa wakubwa zaidi, na bado makovu tunayo. Baiskeli ya inchi 28 ni nzito kuliko baadhi ya watoto tunaowazungumzia hapa. Mikono ya breki iko mbali na vidole vyao, na mtoto aliyejipinda katikati ya fremu hawezi kuruka pembeni inapoanguka. Kwa mwenye miaka 10 na zaidi, kwenye tambarare, kuna mjadala. Kwa mdogo, kilimani, hapana.

Na baiskeli za mbao kama zile za Kigezi?

Watoto wa Kisoro na Kabale wana ustadi mkubwa wa kuteremka milima na baiskeli za mbao, na ng'ambo ya mpaka, Goma, watu wazima hubebea mizigo kwenye chukudu, skuta kubwa za mbao za kusukuma. Kwa mizani ni mwalimu mzuri sana. Tatizo ni kusimama. Nyingi hazina breki kabisa, au zina kipande cha tairi kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma. Ikiwa ndiyo mliyo nayo, itumieni sehemu ya chini kabisa ya mteremko, mtoto akiwa amevaa viatu, na msiendelee juu zaidi mpaka apate yenye breki.

Breki ipi inafaa?

Hapa usisome kwa haraka, maana ndipo ajali nyingi zinapozuilika.

Baiskeli nyingi ndogo zina breki ya kukanyaga kinyume: ukirudisha pedeli nyuma, gurudumu la nyuma linafunga. Ni nzuri kwa mtoto ambaye vidole vyake havina nguvu. Lakini ukishatoa pedeli, breki hiyo imekufa; mtoto anabaki na miguu yake tu. Kwa hiyo baiskeli uliyoitoa pedeli iwe na breki ya mkono inayofanya kazi, au isipandishwe zaidi ya mita chache kutoka chini.

Breki ya mkono nayo ipimwe kwa mkono wa mtoto, si wako. Mwambie aibane kwa vidole viwili. Akishindwa kuifikia, kwenye mikono mingi kuna skrubu ndogo inayousogeza karibu na usukani. Akiifikia lakini hana nguvu ya kuibana, waya una kutu au umekazwa vibaya. Mpelekee fundi apitishe mafuta au abadilishe. Raba zilizoisha hadi chuma zitupwe.

Jambo la mwisho kuhusu breki, na ni muhimu kwa sababu baiskeli nyingi za watoto tunazonunua ni mitumba kutoka nchi mbalimbali. Kwa kawaida zile zilizotumika Uingereza au Japani, mkono wa kulia hufunga gurudumu la mbele. Zilizotumika Marekani, mkono wa kulia hufunga la nyuma. Inua baiskeli, zungusha gurudumu, bana mkono mmoja, uone. Kisha mwonyeshe mtoto. Anayebana ya mbele peke yake kwa nguvu akiwa anateremka anaweza kurushwa juu ya usukani.

Kofia ngumu ni lazima?

Kwetu ni lazima, na asiye nayo anaazimwa au anasubiri zamu ya mwenye nayo. Ikae bapa kichwani, si nyuma kama kofia ya sherehe. Kati ya ukingo wake na nyusi paenee vidole viwili. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Mtoto akitikisa kichwa isihame.

Ukinunua ya mtumba, geuza ndani utazame povu gumu. Ikiwa lina ufa, hata mwembamba kama unywele, iache. Kofia iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu imemaliza kazi yake. Na tafadhali msiwavalishe watoto kofia za boda boda: ni nzito, zinaziba masikio na macho, na shingo ndogo haziwezi kuzibeba.

Avae nini?

Viatu vya kufunika vidole, hata raba za zamani, si ndala na si pekupeku. Kamba za viatu zichomekwe ndani. Sketi ndefu inaingia kwenye cheni au spoki, kwa hiyo msichana avae suruali au kaptura chini na akunje sketi, au avae nguo ya michezo. Hijabu ichomekwe ndani ya shati, kofia ikae juu ya kitambaa chepesi. Mikono mirefu inapunguza michubuko. Skafu na mikufu vibaki nyumbani.

Nikague nini kabla ya kila mazoezi?

Upepo wa tairi, breki zote, cheni isiyolegea, nati za magurudumu, na usukani: bana gurudumu la mbele katikati ya magoti yako, jaribu kuuzungusha, usizunguke peke yake. Mwisho tazama ncha za usukani. Mpira ukiwa umechanika na bomba la chuma liko wazi, usimruhusu mtoto kupanda. Sababu iko kwenye swali la usukani uliogonga tumbo.

## Kilimani

Siku ya kwanza inakwendaje?

Polepole. Mtoto kwanza anaitembeza baiskeli kwa mkono, akiwa pembeni yake, ili azoee uzito wake na aone inavyopinda. Kisha anakaa na kutembea nayo kwenye tambarare. Wengine wanatosheka na hapo kwa siku hiyo, na ni sawa.

Baada ya hapo tunampandisha mita tatu nne tu kutoka mwisho wa mteremko. Anaelekea chini, miguu iko chini, anaachia huku akikanyaga kanyaga. Ataanza mwenyewe kurefusha hatua. Kuna dakika utaiona: miguu yote miwili inabaki hewani kidogo kuliko kawaida, na uso wake unabadilika. Usipige kelele wakati huo. Anasikiliza mwili wake, na sauti yako itamfanya ageuke kukutazama, naye akigeuka, usukani unageuka pamoja naye.

Kabla ya kumpandisha mita nyingine, anafundishwa kusimama. Tunachora mstari kwa majivu au tunaweka matawi mawili, naye anatakiwa asimame kabla ya kuufikia. Kwa miguu kwanza, halafu kwa breki. Akisimama anapotaka yeye mara kadhaa mfululizo, ndipo anapanda juu zaidi. Utaratibu wetu ni huo na hatuuvunji kwa mtoto yeyote, hata yule jasiri: anayejua kusimama ndiye anayeongezewa mteremko. Hasa yule jasiri.

Nimshike wapi?

Usishike usukani kamwe, maana ukiushika wewe ndiye unayeendesha. Usishike tandiko pia ukiweza kuepuka. Anaegemea mkono wako badala ya kutafuta mizani. Tembea ubavuni, mikono yako ikiwa karibu na makwapa yake bila kumbana, umdake akielemea. Baada ya muda mfupi ondoa mikono, baki karibu.

Na macho yake? Mwambie atazame anapotaka kwenda. Mtoto akikodolea mti, ataufuata mti. Simama chini ya mteremko umwambie "njoo kwangu", inasaidia kuliko maelezo mengi.

Amri zitolewe kwa lugha gani?

Watoto wetu huongea Lugisu, Luganda, Ateso na Kiswahili, mara nyingi katika sentensi moja. Tumekubaliana maneno matatu ya Kiswahili kwa wote: "miguu juu", "breki", "simama". Anayesimamia ni mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wazazi watano wakipiga kelele pamoja, mtoto hasikii hata mmoja.

Mazoezi yachukue muda gani, na atajua baada ya siku ngapi?

Kwa wadogo nusu saa inatosha, pamoja na maji na kupumzika. Acheni wakati bado anataka kuendelea. Siku ngapi, haitabiriki: wapo wanaoshika mizani asubuhi moja na wapo wanaohitaji likizo nzima. Likizo za Mei na za mwisho wa mwaka ndizo nzuri, kwa kuwa mtoto anaweza kurudi mara kwa mara bila kazi za shule.

Analia, hataki tena. Nimlazimishe?

Usimlazimishe, usimcheke, na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mrudishe hatua moja nyuma, kwenye kitu alichokuwa anakiweza, afanye mara mbili, kisha mwende nyumbani. Mtoto mwenye hofu hukaza mikono, na mikono iliyokaza haiwezi kuelekeza usukani, kwa hiyo kumsukuma kwa nguvu kunaleta lile anguko lenyewe analoliogopa. Wakati mwingine sababu si hofu: ana njaa, jua limemchoma, au hakulala vizuri. Muulize kwanza kama amekunywa uji.

Pedeli zirudishwe lini?

Anapoteremka mteremko wote wa kujifunzia miguu ikiwa juu, anapinda kushoto na kulia, na anasimama anapotaka. Siku ya kurudisha pedeli rudini kwenye tambarare. Pandisha pedeli moja mpaka iwe juu na mbele kidogo, aweke mguu hapo, akanyage kwa nguvu huku mguu mwingine ukijisukuma kutoka chini. Kama breki yake ni ya kukanyaga kinyume, ajifunze upya kusimama, kwa sababu sasa miguu yake ina kazi mpya.

## Kuanguka na afya

Amekwaruzika. Nifanye nini?

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, toa mchanga, funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, udongo wala mafuta ya gari. Angalia kadi yake ya chanjo: kinga ya pepopunda imo ndani ya chanjo anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ikiwa hakuzimaliza au kidonda ni kirefu na kimeingia uchafu, nenda kituo cha afya. Mkono uliovimba sana, uliopinda, au ambao hataki kuutumia kabisa, uufunge usitikisike na umpeleke.

Amegonga kichwa.

Mazoezi yameisha kwa siku hiyo, hata akisema yuko salama. Mpeleke hospitali mara moja akizimia hata kwa muda mfupi, akitapika tena na tena, akisinzia kusiko kwa kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, au damu au majimaji yakitoka puani au sikioni. Ikiwa hana lolote kati ya hayo, usimwache peke yake siku hiyo na ile inayofuata.

Usukani umemgonga tumboni, lakini hakuna kidonda.

Tumeliweka swali hili peke yake kwa sababu wazazi wengi huliona dogo. Ncha ya usukani inaweza kuumiza ini, bandama au kongosho huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu ya duara, au isionyeshe kitu. Maumivu yanaweza kuja baada ya saa kadhaa. Akilalamika tumbo, akitapika, akipauka, au tumbo likiwa gumu, usingoje asubuhi.

Hapa kwetu kuna jambo la kuongeza: malaria huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi zaidi. Mtoto aliyetoka kuugua malaria asirudi kilimani kwa sababu tu homa imeshuka. Apone kabisa, na kama daktari aliwahi kukuambia bandama yake imevimba, muulize kwanza.

Mtoto ana siko seli, pumu au kifafa. Anaweza kushiriki?

Mwenye siko seli anaweza, kwa ushauri wa kliniki yake: maji mengi, mapumziko ya mara kwa mara, asichoke kupita kiasi wala kunyeshewa. Asukumiwe baiskeli kupanda, ateremke mwenyewe. Akisema mifupa inauma, muaminini, msimwambie ajikaze. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa mzazi, na siku za vumbi la Januari afanye kidogo. Mwenye kifafa asubiri ruhusa ya daktari na asiwahi kuwa peke yake kilimani.

Na mtoto kiziwi?

Anajifunza sawa na wengine, na mara nyingi anatazama kwa makini kuliko wao. Mkubaliane ishara za mkono kabla hajapanda, na msimamizi asimame chini anapoonekana muda wote. Watoto wengine nao wajue kwamba hasikii kengele wala kelele, wasiteremke nyuma yake.

Mtoto wa kike akipanda baiskeli ataharibu ubikira?

Hapana. Tunaulizwa hili kwa sauti ya chini, tunalijibu kwa sauti ya kawaida. Ngozi ile ya ukeni, kizinda, hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, na hali yake haithibitishi chochote kuhusu mwenendo wake. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wowote wa kisayansi. Huko Teso na Lango akina mama huenda sokoni na kisimani kwa baiskeli. Msichana anayejua baiskeli atafika shule ya mbali bila kuomba lifti kwa mtu yeyote, na hilo kwetu ni jambo zito.

## Hali ya hewa, na baada ya kilima

Saa zipi ni nzuri, na mvua ikinyesha?

Asubuhi kabla ya saa nne, au jioni baada ya saa kumi. Nyasi zenye umande huteleza, ngojeni zikauke. Baada ya mvua kubwa udongo wetu mwekundu hunata kwenye breki na matairi. Pumzikeni siku hiyo.

Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote wanashuka na kuingia kwenye nyumba imara, si chini ya mti na si kwenye kibanda kilicho wazi. Msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Radi za nchi hii si za kuchezea: Juni 2011 iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi wilayani Kiryandongo.

Sasa anaweza. Aende nayo barabarani?

Bado. Kilima kimemfundisha mizani na breki. Hakikumfundisha kukisia kasi ya boda boda inayokuja wala kujua dereva wa teksi atasimama wapi. Watoto wadogo hawana uwezo huo hata wakiwa hodari wa baiskeli. Aendelee kilimani, uani na kwenye njia za miguu, na akianza barabara awe na mtu mzima kando yake, upande wa kushoto, mahali pasipo na magari mengi.

Anaweza kumbeba mdogo wake kwenye karia?

Hapana, na wewe mwenyewe uwe mwangalifu. Mguu wa mtoto aliyekaa nyuma huning'inia karibu na spoki, na ukiingia gurudumu linapozunguka huchunwa kisigino au kuvunjika kifundo. Ukilazimika kumbeba, pawe na kinga inayofunika spoki na mahali pa kukanyaga.

Anataka kuteremka kutoka juu kabisa kama wakubwa.

Rudi kwenye mstari wa majivu. Akisimama kwa breki kabla ya mstari kutoka katikati ya kilima, mara kadhaa, bila kuburuza miguu na bila baiskeli kupinda, mpandishe hatua kumi. Akifaulu hapo, kumi nyingine. Wakubwa wapishe njia, ateremke mmoja mmoja, na msimamizi wa chini anyanyue mkono kwanza kuonyesha kwamba njia iko wazi.